Mchezo wa Kundi, Cheti cha Mtu Mmoja

Wadau, leo tuongee maksi.

Walimu wengi wa sanaa za maonyesho wana hoja moja wanayoipenda sana: tamthilia ni kazi ya kundi, basi na maksi ziwe za kundi. Mmepanda jukwaani kumi, wote kumi mnapewa B, nendeni kwa amani. Inasikika vizuri, ina harufu ya umoja. Mimi nasema ni uvivu wa kusahihisha uliovishwa kanzu ya umoja.

Cheti hakiandikwi jina la kundi. GPA ni ya mtu. Sapu anakwenda kuifanya mtu, na akidisko anarudi kwao peke yake na begi lake. Kundi halimsindikizi hata stendi.

Nilisoma chuo ambacho sitakitaja. Kundi moja la darasani kwetu lilikuwa na watu wanane. Siku ya mtihani mhusika mkuu hakutokea. Wakampachika mwingine, karatasi mkononi, mchezo ukavunjika. Wote wanane wakala D, akiwemo dada aliyeshona maleba yote na kukariri nafasi yake pamoja na za wenzake wawili. Kwetu ikawa kinyume: jamaa aliyekuja mazoezini mara mbili tu alipata B+ kama sisi. Akatushukuru kwa soda.

Na kutegea si ugonjwa wa Wabongo peke yao. Mfaransa Max Ringelmann aliwapima watu wakivuta kamba, na mwaka 1913 matokeo yake yakachapishwa: wavutaji wakiongezeka, kila mmoja anavuta kwa nguvu ndogo zaidi. Mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake huko Marekani waliona hivyo hivyo kwa wanafunzi walioambiwa wapige makofi na kelele. Utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba mtu akijua kazi yake mwenyewe inapimwa, kutegea kunapungua. Maana yake ni kwamba maksi za jumla zinamlea mtegeaji.

Lakini wapo wanaokimbilia kosa la upande wa pili. Mwalimu anakaa mstari wa mbele na kumpa A aliyeongea sana. Hebu chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Anayecheza Kinjeketile kila jicho linamwona. Lakini bila wale wanakijiji tamthilia ile haina njaa, haina hofu, haina Maji Maji. Mtu anayesimama kwenye umati, hana mistari mingi, na bado anakufanya uamini kwamba watoto wake wamelala na njaa, huyo amefanya kazi ngumu. Ukihesabu mistari umepima bahati ya kugawiwa nafasi. Na sote tunajua nafasi hugawiwaje, mara nyingine kwa kujuana tu.

Wanaosema haiwezekani waangalie Uingereza. Kwenye GCSE ya Drama ya bodi ya mitihani ya AQA, wanafunzi wanabuni na kuonyesha igizo pamoja, ila kila mmoja anapata maksi zake. Kati ya maksi 80 za sehemu hiyo, 60 ni za kumbukumbu ya kazi ambayo kila mwanafunzi anaiandaa mwenyewe. Onyesho lina 20 tu. Hata aliyechagua taa au maleba anapimwa kwa kazi hiyo hiyo.

Sisemi tuige kila kitu. Nasema tuanze na yanayowezekana. Maksi chache ziwe za kundi, maana mchezo usioshikana ni mbovu hata kama una nyota mmoja. Zilizobaki ziwe za mtu: daftari la mazoezi la kila mmoja, mwalimu kupita mazoezini mara mbili tatu bila kupiga hodi, na dakika tano za maswali ana kwa ana. Kwa nini ulisimama pale? Kwa nini ulinyamaza kabla ya kujibu? Mtegeaji hapo atatokwa jasho. Darasa la watu 60 ni saa tano tu. Wenzake nao waulizwe kwa siri, ila neno lao lisiwe la mwisho, kwani urafiki upo na visirani vipo.

Najua nitaambiwa kila mtu atataka kung'ara, umoja uvunjike. Jamani, umoja unavunjwa na anayekula jasho la wenzake. Timu ya mpira inashinda pamoja, lakini kocha anajua nani alikimbia na nani alikuwa anatembea uwanjani.

Kwa hiyo mhadhiri, siku Asha akigonga mlango wa ofisi yako na kuuliza kwa nini amepata D, mjibu kuhusu Asha. Ukiwa na jibu la kundi tu, basi Asha hukumpima.

Naomba kuwasilisha.