Mwenye madeni apewe njia ya kulipa

Dawa ya deni ni kulipa. Huo ni usemi wa wazee wetu, wala hatuna nia ya kuupinga. Lakini wazee hao hao walijua kwamba kila dawa ina kipimo chake, na kwamba mgonjwa akinyweshwa chupa nzima kwa mkupuo mmoja hufa kabla ya kupona. Leo tunapenda kuzungumzia kipimo hicho, kwa sababu wako wananchi wengi waliozidiwa na madeni, si kwa kuwa hawataki kulipa, bali kwa kuwa kila mdai anataka kulipwa chote, tena leo, tena kabla ya mwenzake.

Jambo hili linaonekana waziwazi mjini Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia huko makao makuu ulifikiwa mwaka 1973, na tangu mwaka 2016, utekelezaji wake ulipotiliwa mkazo, watumishi wengi wa serikali wamehamia katika mji huo, wakiwamo ndugu zetu kutoka Unguja na Pemba wanaozitumikia wizara na taasisi za Muungano. Kuhama ni gharama. Mtu hulipa kodi ya nyumba ya miezi mingi kwa mara moja, hununua kiwanja, huanza msingi, na huku nyumbani alikotoka bado wapo wanaomtegemea. Hapo ndipo mkopo wa kwanza unapoingia. Wa pili huja ili kulipa wa kwanza, na wa tatu ili kulipa riba ya wa pili.

Nje ya mji hali haina nafuu. Mkulima wa Bahi, Chamwino au Kongwa anategemea mvua za msimu mmoja tu kwa mwaka, nazo hazina mkataba na mtu. Zikikatika mapema, mtama na uwele hukauka, na mwenye nyumba huanza kukopa chakula, mbegu na ada za shule. Mkopeshaji humtaka alipe kila wiki, ilhali shamba lake hulipa mara moja kwa mwaka. Kulingana na mpangilio huo, mkulima huyo ameshindwa kabla hajaanza.

Wananchi wenyewe wameipa mikopo ya aina hii majina yanayotosha kueleza uchungu wake: mikopo umiza, kausha damu. Tuchukue mfano mwepesi wa mtu aliyekopa shilingi 2,000,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Riba peke yake ni shilingi 600,000. Akilipa kiasi hicho mwezi huu, na mwezi ujao, na mwezi wa tatu, atakuwa ametoa shilingi 1,800,000, na lile deni la awali halijapungua hata senti moja. Sasa tuitazame riba isiyozidi asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo ndiyo ukomo uliowekwa na Benki Kuu ya Tanzania kwa kampuni za mikopo zenye leseni zisizopokea amana. Mtu yule yule, kwa malipo yale yale ya shilingi 600,000, angemaliza deni lake lote katika mwezi wa nne. Mkopaji ni yule yule na fedha ni zile zile. Kilichobadilika ni masharti tu.

Hatusemi kwamba serikali imelala. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilitungwa mwaka 2018, na kanuni zake zikafuata mwaka 2019. Mwaka 2020 TAKUKURU iliwasaidia wastaafu, wakiwamo walimu, kurejeshewa fedha zilizochukuliwa na wakopeshaji kutoka katika mafao yao. Mwezi Novemba mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza kuzifungia programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kwa njia ya simu bila ya leseni. Zote hizo ni hatua za kupongezwa. Lakini hatua hizo zinamshughulikia mkopeshaji. Mkopaji aliyekwisha kuzama, mwenye wadai watano au sita, bado anauliza swali lake lile lile: nitatokaje?

Jibu la sheria lipo, ila liko mbali naye. Sheria yetu ya kufilisika, ambayo ni urithi wa enzi za ukoloni, inamruhusu mdaiwa kwenda mwenyewe mbele ya Mahakama Kuu, kuweka wazi mali na madeni yake yote, na kupendekeza kwa wadai wake mpango wa kuwalipa. Wadai hukutanishwa. Wakiukubali wengi wao, na wengi hao wakiwa wanadai robo tatu ya thamani ya madeni yote, na mahakama ikaridhia, mpango huo huwafunga wote, hata yule aliyeukataa. Huo ndio moyo wa utaratibu huu: wadai wote hukaa meza moja, na hakuna mmoja anayeruhusiwa kumkamua mdaiwa mpaka wengine wakose.

Lakini ni mwalimu gani wa Mpwapwa, au muuza zabibu gani wa Hombolo, atakayefika Mahakama Kuu kwa ajili ya deni la shilingi milioni nne? Gharama ya wakili peke yake yaweza kuwa deni jingine. Tena neno lenyewe, kufilisika, linatisha. Mtu huona heri auze shamba la urithi usiku kuliko kusikika ameitwa mufilisi mchana.

Basi wengi husubiri mpaka washitakiwe. Wakishashitakiwa na kushindwa, mahakama za kawaida zinao uwezo wa kuamuru deni lilipwe kwa awamu, na sheria inakataza kukamatwa kwa baadhi ya mali, kama vile nguo, matandiko, vyombo vya kupikia na zana za kazi. Wengi hawayajui hayo. Wanachokijua ni kwamba mdaiwa aweza kufungwa gereza la madai hadi miezi sita. Nasi tunauliza: mtu aliyefungwa miezi sita atakuwa amelipa nini? Akitoka, deni lingali palepale, na kazi huenda haipo.

Wasomaji wetu wa visiwani wasidhani kwamba tunazungumzia matatizo ya bara peke yake. Historia yao wenyewe ina funzo kubwa. Bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya mwanzo ya 1930, wenye mashamba wengi wa Unguja na Pemba walikuwa wameyaweka rehani mashamba yao, na walikaribia kuyapoteza. Mwaka 1934 utawala wa wakati ule uliingilia kati kwa sheria za kuzuia ardhi isitoke mikononi mwao. Hata hivyo, kuzuia peke yake hakukutosha, kwani deni lililosimamishwa si deni lililolipwa, na wadai nao walikuwa na haki zao. Ndipo mwaka 1938 ikaja sheria ya kulinda ardhi na kusuluhisha madeni. Utawala ule ulikuwa wa kikoloni, na ulikuwa na maslahi yake katika karafuu. Hata hivyo, hata wao walitambua kwamba mdaiwa akinyang'anywa mnazi na mkarafuu wake hana tena cha kulipia.

Majirani zetu nao wamekwisha kupiga hatua. Kenya, kwa sheria yake ya ufilisi ya mwaka 2015, imemwekea mtu binafsi njia za kuepuka kufilisiwa: mapatano ya hiari na wadai, amri ya kulipa kwa awamu, na utaratibu wa yule asiye na mali kabisa. Huko Uingereza, ambako sheria yetu ilichukuliwa, mahakama ndogo zilipewa uwezo tangu mwaka 1883 wa kuyakusanya madeni ya mtu mnyonge na kuamuru yalipwe kidogo kidogo. Si jambo geni tunaloliomba.

Wako watakaosema kwamba utaratibu kama huu utawafundisha watu kukopa na kukimbia. Tunaiheshimu hofu hiyo. Mkopeshaji halali naye ni mwananchi, na fedha anazokopesha mara nyingi ni akiba za wengine. Chama cha kuweka na kukopa kisipolipwa, anayeumia ni mwanachama mwenzake mdaiwa. Lakini mpango wa kulipa si msamaha. Mdaiwa hutakiwa kutaja kila alichonacho na kila anachodaiwa. Akificha ng'ombe kwa shemeji yake, au kiwanja kwa jina la mtoto, kinga hiyo imwondoke mara moja. Na mdai anayelipwa shilingi 50,000 kila mwezi kwa uhakika yuko katika hali bora kuliko yule anayepiga simu isiyopokelewa.

Kwa hiyo tunayo mapendekezo matatu.

Kwanza, Waheshimiwa Wabunge wanaokutana hapo hapo Dodoma, pamoja na Tume ya Kurekebisha Sheria, waufikirie utaratibu mwepesi wa mpango wa ulipaji kwa madeni madogo, utakaoamuliwa katika mahakama za wilaya, kwa fomu ya Kiswahili, bila ya kulazimu wakili. Utaratibu huo uzingatie kipato cha mtu: mtumishi alipe mwisho wa mwezi, na mkulima alipe baada ya mavuno. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi nao wautazame upande wao, ili mwananchi wa Pemba asiachwe nyuma.

Pili, maofisa utumishi waisimamie kwa dhati kanuni inayotaka mtumishi wa umma abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Kanuni hiyo haina maana iwapo mkopeshaji wa mtaani ameishika kadi ya benki ya mtumishi pamoja na namba yake ya siri. Huyo hahitaji idhini ya mwajiri. Huchukua mshahara wote dirishani kabla ya mwenyewe kuamka. Tabia hiyo ikomeshwe, na ofisa anayeijua na kuinyamazia naye aulizwe.

Tatu, tunasema na mdaiwa mwenyewe. Ndugu, mficha maradhi kifo humuumbua. Usingoje mpaka godoro litolewe nje mbele ya watoto. Kaa na mwenzi wako, andikeni madeni yote katika karatasi moja: jina la mdai, kiasi mlichopokea, kiasi mlicholipa, na riba. Acheni kukopa ili kulipa mkopo. Kisha nendeni kwa wadai wote, si kwa yule anayepiga kelele zaidi, na mpeleke pendekezo moja mnaloweza kulitimiza, hata kama ni dogo. Likikubaliwa, liandikwe, litiwe sahihi mbele ya shahidi, na kila malipo yapewe stakabadhi. Msitoe kadi ya benki kwa mtu yeyote. Na iwapo mkopeshaji hana leseni, au anawatumia ndugu na wafanyakazi wenzenu ujumbe wa kuwaaibisha, pelekeni malalamiko Benki Kuu na kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwani tangu mwaka 2022 iko sheria inayozilinda habari za mtu.

Hakuna aibu katika kusema, "Nadaiwa, nataka kulipa, nipeni muda." Dini zetu zinafundisha kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe nafasi mpaka apate wepesi, na mila zetu za bara na za visiwani zinajua suluhu ya barazani kabla ya shauri kufika kortini. Kilichobaki ni kuipa hekima hiyo nguvu ya sheria, mahali ambapo mnyonge anaweza kufika kwa nauli yake mwenyewe.

Mwalimu anayeingia darasani huku mshahara wake wote uko mikononi mwa mtu mwingine hafundishi kwa moyo. Karani asiyejua atakula nini kesho ni rahisi kushawishika kwa rushwa. Madeni haya yameacha kuwa siri za watu binafsi. Ni jambo la utumishi wa umma na la uhai wa familia. Tunawaomba wahusika walijadili katika mkutano wa Bunge ulio karibu, na wasiliahirishe.