Cheti cha ufundi nacho kihesabiwe polisi wanapoajiri



Kila nafasi za makonstebo zinapotangazwa, masharti huwa yale yale. Uwe Mkenya wa miaka 18 hadi 28, uwe na kimo kinachotakiwa, meno na miguu isiyo na kasoro, umalize mbio, na uwe na gredi ya D+ katika KCSE pamoja na D+ ya Kiingereza au Kiswahili. Novemba 2025 walitafutwa makurutu 10,000, baada ya Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi na Inspekta Jenerali kuvutana hadi mahakamani kuhusu nani mwenye mamlaka ya kuajiri. Katika mvutano wote huo sikusikia upande wowote ukiuliza swali linalotusumbua sisi tunaofundisha ufundi: kijana mwenye cheti cha umakanika, umeme au uchomeleaji, lakini hana D+, polisi wanamweka wapi?

Hawamweki popote. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alipanga foleni tangu alfajiri kwenye uwanja ambao sitautaja. Alipimwa kimo, akaambiwa afungue kinywa, akakimbia na kumaliza miongoni mwa wa kwanza. Kwenye meza ya vyeti afisa aliipitia KCSE yake, akaona D-, ingawa Kiswahili alikuwa na C. Kisha akakichukua kile cheti cha pili, cha ufundi wa magari, akakitazama mbele na nyuma, akakirudisha kwenye bahasha ya kaki. "Hii haiko kwa orodha yetu, kijana." Hakumtukana wala hakumdai kitu, na nalisema hilo kwa kuwa si kila anayekwenda kwenye usajili huo hurudi na habari kama hiyo. Afisa alifuata orodha aliyopewa. Ugomvi wangu ni na orodha.

Tangu Sheria ya Mafunzo ya Kiufundi ya 2013, serikali hii hii imekuwa ikizunguka vijijini ikituambia wazazi na walimu kwamba alama za KCSE si mwisho wa safari. Matokeo ya 2023 yalipotoka na zaidi ya watahiniwa 48,000 wakapata E, waliambiwa waende vyuo vya ufundi. Wengi wamekwenda. Kijana wa D- anaweza kuanzia kozi ya ngazi ya 4, akapanda hadi ya 5, na hatimaye akafika stashahada ya ngazi ya 6 bila kurudia mtihani wa kidato cha nne. Ngazi hizo hatukuzibuni sisi wakufunzi. Zimo katika Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Elimu uliotungiwa sheria mwaka 2014, na katika mfumo huo cheti cha sekondari kiko ngazi ya 2. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa amepanda ngazi mbili, tatu au nne juu ya KCSE kwa vipimo vya serikali yenyewe, akafika kwa polisi na kuambiwa arudi chini akatafute alama aliyoikosa akiwa na miaka 18.

Najua watakaosema polisi si gereji. Ni kweli, lakini tazameni kazi yenyewe. Gari lililoibwa likabadilishwa nambari ya chasisi, asiyejua chuma huona nambari tu na kuilinganisha na iliyo kwenye karatasi. Aliyejifunza kuchomelea hupitisha kidole. Palipopigwa grinda huwa pamelala kidogo, rangi ni mpya kuliko ya kando, na tarakimu zilizogongwa kwa mkono hazikai kwenye mstari mmoja wala kina kimoja. Kama kipande kizima kimekatwa na kingine kupandikizwa, mshono wa weldi utaonekana upande wa chini, ambako mwizi hakuona haja ya kuulainisha. Kujua hayo huchukua miezi ya kushika tochi ya gesi, na sijaona ni vipi kurutu atayajua kwa kupiga kwata.

Ajali nazo. Dereva akidai breki zilimkatalia mteremkoni, konstebo huyaandika maneno hayo na kumsubiri mkaguzi wa magari. Fundi hatachukua nafasi ya mkaguzi, lakini papo hapo ataangalia kama kikopo cha mafuta ya breki kina kitu, kama bomba limepasuka au limefunguliwa kwa spana, na pedi zimelika kiasi gani. Gari likishavutwa na kulazwa uani kwa wiki mbili, nusu ya hayo hayapo tena. Na si magari pekee. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa mitambo ya umeme, marufuku iliyoondolewa baada ya miezi michache. Wafanyabiashara halali wakaumia pamoja na wezi. Fundi wa umeme akiwa ndani ya sare angeweza kuingia kwenye kibanda cha vyuma na kutambua shaba iliyotoka kwenye transfoma.

Jeshi la Ulinzi, KDF, limeliona hili zamani. Likitangaza nafasi huwa na kundi la mafundi wenye vyeti vya kazi, kando na makurutu wa kawaida. Nalo huweka gredi ya KCSE, sikatai, lakini angalau cheti cha fundi kina mahali pa kusomwa.

Pingamizi moja nalikubali kabisa. Konstebo huandika taarifa za mashahidi, hujaza kitabu cha matukio, husimama mbele ya hakimu akahojiwa na wakili aliyekuja kumchanganya. Asiyeweza kuandika aya iliyonyooka ataharibu kesi hata kama ana mikono ya dhahabu. Basi D+ ya Kiingereza au Kiswahili ibaki, na ikiwezekana waandikishwe taarifa ya ukurasa mmoja hapo hapo uwanjani, maana nimewahi kufundisha vijana wa C+ ambao barua ya kuomba kazi iliwashinda. Gredi ya jumla inachanganya Kemia, Historia na siku ambayo mtoto alifanya mtihani bila chai tumboni. Haituambii kama ataandika vizuri wala kama atatambua chasisi iliyochezewa. Na kila mageuzi ya polisi yanapozungumziwa, wazo la haraka ni kuipandisha gredi hiyo, jambo litakalowafungia nje mafundi wengi zaidi.

Ninachoomba ni kidogo. Mwenye cheti cha ngazi ya 4 au zaidi kutoka taasisi iliyosajiliwa, na mwenye D+ katika mojawapo ya lugha hizo mbili, aruhusiwe kufika mwisho wa foleni kama wengine. Mbio akimbie, meno yatazamwe, cheti chake kihakikiwe kwa waliokitoa ili ghushi zisipenye. Akihitimu chuo cha polisi cha Kiganjo au Embakasi, faili lake lionyeshe fani yake, na apangwe kwenye kitengo kinachoihitaji badala ya kusahaulika kwenye lango la benki.

Iwe ni Tume au Inspekta Jenerali mwenye kalamu, naomba tujibiwe kabla ya tangazo lijalo. Kama jibu ni hapana, litolewe pamoja na sababu zake. Wanafunzi wapya wanajisajili muhula ujao, na miongoni mwao wapo watakaotuuliza kama cheti hiki kinaweza kuwafikisha Kiganjo.

Mkufunzi wa ufundi wa magari,
Kaunti ya Bungoma