Msimcheke mgonjwa, tazameni kurasa zenu

Kuna kauli inanikera jamani: "Huyu ameshatibiwa na Google." Wahudumu wa afya huisema wakicheka, mgonjwa akiuliza jambo alilosoma kwenye simu. Mimi ni mwandishi wa programu hapa Kakamega, na naona kicheko hicho kimeelekezwa pabaya.

Chukua chanjo ya malaria, RTS,S. Kenya ilianza kuitoa Septemba 2019, katika kaunti 8 za magharibi, Kakamega ikiwemo. Ratiba ya mwanzo ilikuwa dozi 4: mtoto akiwa na miezi 6, 7, 9 na 24. Mama ana haki ya kuuliza. Mtoto akipata homa baada ya sindano, ni kawaida? Chandarua bado cha nini? Mbona dozi ya mwisho iko mbali hivyo?

Majibu yapo. Homa ya muda mfupi hutokea. Ikizidi, rudi kituoni. Chandarua kinabaki, kwa kuwa chanjo hupunguza malaria kali lakini haizuii malaria yote. Dozi ya nne hurefusha kinga. Sasa niambie, majibu haya huwekwa wapi? Mara nyingi ndani ya PDF, kwa Kiingereza, nzito kwa mtu mwenye bando la shilingi 20. Uvumi wenyewe huja kwa WhatsApp, sauti ya dakika 2, Kiswahili safi. Kipi kitamfikia kwanza?

Tumeshaonywa. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai chanjo ya pepopunda ilikuwa na homoni ya kuzuia mimba. Serikali, WHO na UNICEF walikanusha. Dai hilo bado unalipata mtandaoni.

Mtambo wa kutafuta haupimi ukweli. PageRank, ambayo Google ilianza nayo 1998, ilihesabu viungo kama kura. Uvumi unaounganishwa kila mahali hupata kura. PDF isiyotajwa na yeyote haipati hata moja.

Dawa ni rahisi: ukurasa wa maandishi tu, kilobaiti 20, Kiswahili na Kiluhya, wenye tarehe na jina la ofisi iliyouidhinisha. Sisi tutautengeneza kwa alasiri moja. Leteni maneno.

La sivyo, mama asiporudi kwa dozi ya nne, msiseme mtandao umemdanganya. Semeni mliwaachia waongo uwanja.