Mashindano ya pool bila kanuni ni wizi wa mchana

Chalii yangu wa Ngarenaro, Unga Limited, Kijenge na Sakina, nawe ndugu wa Usa River na Ngaramtoni, leo nazungumza nawe. Habari za vigogo tuziweke kando kidogo. Tuiangalie ile meza ya kitambaa cha kijani inayomeza sarafu zako kila jioni.

Majuzi nilikaa kwenye baa moja hapa mjini nikitazama mashindano. Kijana mmoja alitoka Tengeru, akalipa kiingilio, akashinda gemu mbili safi kabisa. Ya tatu, mpinzani wake akatumbukiza mpira mweupe shimoni. Kijana akajiandaa kupiga mara mbili, kama wanavyocheza kwao. Mwamuzi, ambaye jina lake mwenyewe lilikuwa kwenye orodha ya wachezaji, akasema: "Hapa kwetu ni moja tu." Kijana akauliza imeandikwa wapi. Akajibiwa kwa kicheko. Alirudi Tengeru kwa nauli ya kuazima.

Sasa nikuulize, ndugu msomaji: huyo kashindwa au kaibiwa?

Usidhani jambo hili ni dogo. Duniani ziko kanuni zaidi ya moja za adhabu hiyo. Zipo zinazompa mpinzani zamu mbili mfululizo. Zipo za blackball, zinazotambuliwa na chama cha dunia cha WPA, ambapo unapata pigo moja huru la kugusa mpira wowote, kisha unaendelea na zamu yako ya kawaida. Na ziko za Kimarekani, ambapo unaushika mpira mweupe mkononi na kuuweka popote mezani. Zote ni halali. Haramu ni kuchagua moja baada ya kosa kutokea, tena kwa kuangalia nani kakosea!

Wakubwa nao wana lao. Mwaka 2016 Rais John Magufuli, aliyefariki mwaka 2021, aliwakemea hadharani vijana wanaocheza pool asubuhi badala ya kufanya kazi. Tuseme ukweli: anayeshinda mezani tangu saa mbili asubuhi huku mama yake anauza ndizi juani anastahili kukemewa. Lakini kukemea hakutoshi. Ukimwambia kijana mchezo wake ni uhuni, kisha usimpe utaratibu wa kuufanya mchezo kweli, umemwachia mwenye meza na mcheza kamari wamlee.

Na pool ilishaonyesha inaweza kupangika. Kwa miaka kadhaa bia ya Safari ilidhamini mashindano ya taifa, klabu zikipambana mkoani hadi fainali, na wanafunzi wa vyuo vikuu wakapata yao. Chama cha taifa, TAPA, kimekuwepo. Baraza la Michezo la Taifa lipo kwa sheria ya mwaka 1967. Kwa nini basi huku mtaani kila baa ni jamhuri yenye katiba yake?

Mkumbuke Filbert Bayi, mtoto wa Karatu. Mwaka 1974 kule Christchurch alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500, na dunia nzima ikamkubali. Kwa nini? Kwa sababu mita 1,500 za Karatu ndizo mita 1,500 za New Zealand. Bingwa wetu wa pool akivuka Namanga, nani atamkubali ikiwa ubingwa wake una kanuni za Kaloleni tu?

Tudai mambo manne, na kuanzia wiki hii.

Kwanza, kanuni moja, kwa Kiswahili, ibandikwe ukutani kabla ya mtu kutoa hata shilingi. Hakuna karatasi, hakuna kiingilio.

Pili, mwamuzi asiwe mchezaji wala asiwe na dau. Nyani haoni kundule. Msimpe kesi ya ngedere.

Tatu, tuache mtindo wa gemu moja mtu nje. Piga hesabu nami. Chukua mchezaji mzuri anayeshinda gemu 6 kati ya 10. Katika mashindano ya watu 32 lazima avuke raundi tano. Kwa gemu moja kila raundi, nafasi yake ya kutwaa ubingwa ni kama 8 kati ya 100. Mkicheza mpaka mmoja afikishe gemu tano, inapanda hadi kama 21. Umahiri unahitaji nafasi ya kuonekana. Gemu moja ni bahati nasibu. Na kufungua mipira kuwe kwa zamu, aliyeshinda asifungue kila mara huku mwenzake anashika fimbo kama mchunga ng'ombe. Muda hautoshi? Punguzeni washiriki au chezeni siku mbili.

Nne, fedha zitajwe hadharani: wamelipa wangapi, zawadi ni kiasi gani, mwenye baa anabaki na nini. Mashindano yaanze baada ya saa za kazi, na mengine yafanyike kwenye kumbi zisizouza pombe, ili dada zetu na wadogo zetu nao washike fimbo.

Wenye meza watasema haya ni gharama. Gharama gani? Karatasi, gundi na daftari? Ngumi zinazopigwa kila Jumamosi zinavunja viti vya thamani kubwa kuliko hivyo.

Silaha unayo mfukoni, chalii yangu: ni ile sarafu. Ukifika kwenye mashindano, angalia ukutani kwanza. Kama hakuna kanuni, geuka uondoke, na wenzako waondoke nawe. Meza isiyopata sarafu haina ubabe. Na kijana wa Tengeru, ukisoma haya, rudi mjini. Safari hii usije peke yako.