Tuupambe Mtaa Wetu: Fedha Itoke Wapi?

Mwezi huu twataka kunena juu ya majirani wanaotamani mahali pao papendeze: njia iwe na mifereji, kando yake ipandwe miti, wala takataka zisitupwe bondeni. Hayo ni mema. Lakini mara nyingi shauri huishia katika neno moja: "Fedha hatuna, na tumwandikie mfadhili." Basi, na tulitazame neno hilo.

Sisi wa Usambara tumefundishwa na nchi yetu wenyewe. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianza kazi ya kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo. Fedha ilikuwapo, na wataalamu walikuwapo. Lakini watu waliamriwa kulima matuta. Wakachukia, wakapinga, na mpango ule ukavunjika kabla ya uhuru. Mwaka 1981 mradi wa SECAP ulianza Lushoto kwa msaada wa Ujerumani. Huo ulileta bustani za miche, na majani yazuiayo udongo ambayo pia hulisha ng'ombe. Mkulima aliona faida yake zizini mwake.

Tena mtazameni Bi Wangari Maathai wa Kenya, aliyeanza kazi yake ya kupanda miti mwaka 1977. Vikundi vya akina mama vilipewa fedha kidogo kwa kila mche uliopona. Hawakulipwa kwa ahadi, bali kwa mti ulio hai.

Basi, mkitaka msaada, fuateni njia hii. Kwanza, anzeni kwa msaragambo. Andikeni siku, watu na kazi waliyoifanya, kwa kuwa jasho nalo ni mchango. Pili, lipelekeni shauri katika mkutano wa kijiji au wa mtaa, mkubaliane juu ya ardhi, na maneno yaandikwe. Tatu, katika barua ombeni kile tu kisichowezekana kwa mikono yenu, kama saruji na mabomba. Nanyi mseme ni nani atakayezibua mfereji mwaka wa pili. Nne, fedha isishikwe na mtu mmoja, na hesabu isomwe mbele ya wote. Mitaa mingi haikuvunjwa na umaskini, bali na daftari lililofichwa.

Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Haina riba, lakini kumbukeni, mkopo si zawadi. Maua ya njiani hayalipi deni. Kikundi kinachootesha miche na kuiuza chaweza kulipa, kisha kikatoa michache kwa ajili ya njia yetu.

Wahenga walinena, mcheza kwao hutunzwa. Atunzwaye ni yule aliyekwisha kuanza kucheza. Nanyi walimu, mwaweza kuwasaidia majirani kuandika barua na hesabu. Na ninyi wazazi, Jumamosi hii tokeni na majembe, watoto wakiwa pamoja nanyi.