Okapi ni wetu kwa jina, lakini nani anamuhesabu?

Tumezoea kujivuna na okapi. Kichwa chake kiko kwenye noti zetu za franka, jina lake liko kwenye redio tunayosikiliza tangu 2002, na hakuna inchi nyingine anamoishi porini. Lakini mukiuliza wasomi wa mji nani anamufuata okapi kule msituni, jibu ni lile lile: «Hiyo ni kazi ya wazungu.» Sisi tunasema hapana. Jibu hilo ni la uvivu, na tena ni la uongo.

Mabuku tuliyosomea yanaandika kwamba Harry Johnston «aligundua» okapi. Tuangalie vizuri. Mwaka 1890 Stanley aliandika kwamba Wambuti wanajua mnyama kama punda, wanamwita «atti», wanamnasa katika mashimo. Vipande vya ngozi ambavyo Johnston alituma London vilikuwa mikanda ya kuvaa. Kwa vipande hivyo, mwaka 1901, mtaalamu akaandika kwamba ni aina ya pundamilia! Ilibidi mafuvu yafike ndipo wakajisahihisha: ni ndugu wa twiga. Sasa, kati ya wenye kuvaa ile mikanda na wenye kuipima, nani alimjua mnyama?

Okapi hahesabiwi kama ng'ombe. Anatembea peke yake, anasikia sana, ukimkaribia amekwisha kupotea. Anayemfuata anasoma alama: nyayo, mavi, majani yaliyochumwa. Siku hizi wanafunga pia kamera kwenye njia zake. Lakini hizo njia nani anazijua? Ni Mumbuti anayetangulia. Kisha ripoti inatoka kwa Kifaransa ao Kiingereza, na yeye mara nyingi jina lake halimo.

Wengine watatujibu: «Hao hao ndio wanaomaliza nyama.» Tuseme kweli. Wavu wa Mumbuti unanasa mboloko, na mwenye wavu anasimama pale pale. Mutego wa waya unabaki siku nyingi, unakamata kila anayepita, okapi naye. Kambi za machimbo ya dhahabu zinakula nyama kila siku. Na ile inayofika sokoni, nani anainunua? Ni sisi wa mji, wenye diploma.

Hifadhi ya Okapi iliundwa mwaka 1992, kilometa mraba karibu 13,700. Mwaka 1996 UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia, na 1997 ikaiweka katika orodha ya hatari. Tarehe 24 juni 2012 waasi walishambulia Epulu: watu waliuawa, walinzi kati yao, na okapi 14 wa kituo wakafa. Karatasi peke yake haikulinda kitu.

Basi tunadai mambo matatu. Moja, wasoma-alama wa Kimbuti wawe wafanyakazi wenye mushahara, majina yao yaandikwe katika ripoti. Sheria ya 15 julai 2022 juu ya haki za Wambilikimo isibaki katika kabati. Mbili, matokeo ya hesabu yarudi vijijini kwa Kiswahili. Tatu, sisi walimu tufundishe kalasi zetu kutambua unyayo wa okapi mbele ya kukariri jina lake la Kilatini.

Na nyama yake isiingie katika sufuria zetu. Hilo halingoji mzungu, wala serikali.