Tochi ya kuvuta kichwa: tuangalie kwanza betri



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mbegu, magonjwa ya muhogo na bei ya mahindi. Safari hii tunazungumza juu ya tochi, na tunaomba msicheke. Hapa Marabo tochi ni chombo cha kazi sawa na jembe. Ndiyo inatupeleka shambani kabla jua halijatoka, ndiyo inatuonyesha kama panya wameingia depo, na mama akishikwa na uchungu usiku, ndiyo inamulika njia mpaka kituo cha afya. Tena inakula pesa kila wiki, kidogo kidogo, pesa ambazo karibu hakuna anayeziandika kwenye daftari.

Siku hizi butiki nyingi za barabara ya Bunia na Komanda ziko na tochi ndogo za mfukoni zenye kichwa cha kuvuta. Ukivuta kichwa mbele, mwanga unakuwa mwembamba na kwenda mbali. Ukikirudisha, unatawanyika. Muuzaji anamulika mti ulio mbali, mnunuzi anafurahi, pesa inatoka. Sisi tunaona hapo ndipo watu wanadanganyika. Mwanga wa mbali unapendeza dukani, lakini kitu kitakachokula pesa yako mwaka mzima ni betri.

Kwanza tueleze kichwa chenyewe, juu ya wengi wanafikiri kuvuta kunaongeza nguvu. Hakuongezi kitu. Ndani kuna taa moja ndogo na mbele yake kioo kinene. Kioo kikisogea mbali na taa, kinakusanya sehemu tu ya mwanga na kuutupa mbele. Sehemu nyingine inapiga kuta za ndani ya kichwa na kupotea. Mkiona mraba mdogo unang'aa ukutani, hiyo ni sura ya taa yenyewe. Kwa hiyo kichwa kikivutwa unaona mbali zaidi, lakini mwanga wote unaotoka ni mdogo kushinda ule wa kichwa kilichorudishwa. Kazi zetu za kila siku karibu zote zinataka mwanga wa kutawanyika: kuchagua maharagi, kupika, kutembea, kuangalia kiwavi-jeshi wa Amerika, yule aliyeonekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016. Mchana mara nyingi anajificha katikati ya majani machanga ya mahindi, na alfajiri bado unamkuta. Ukimtafuta na mwanga mwembamba, macho yanauma tu.

Sasa aina zenyewe. Kuna ile ya betri moja ndogo, nene kama kidole gumba. Ni nyepesi, inaingia mfukoni bila shida, na betri yake iko karibu kila butiki. Lakini taa yake inavuta umeme kwa nguvu, na betri za bei ya chini kabisa haziwezi mwendo huo, zinachoka haraka. Ukiitumia, weka betri za alkalini. Bei iko juu kidogo, lakini zinadumu zaidi sana.

Kuna ile ya betri tatu nyembamba zinazokaa ndani ya kikombe cha plastiki. Siku ya kwanza inawaka vikali, kisha inafifia polepole bila wewe kugundua. Betri moja ikichoka, inazivuta zote chini. Na wengi tunabadilisha moja tu, tunaacha mbili za zamani. Hiyo ni kutupa pesa, na ndiyo njia ya haraka ya kufanya betri zivuje na kula chuma cha ndani.

Ya tatu inachajiwa na waya kama wa simu, lakini betri yake imefungwa ndani, haitoki. Ni nzuri mpaka siku betri inakufa. Siku hiyo tochi nzima inakwenda takataka.

Tunayoipendekeza ni ya nne: ile yenye tundu la kuchaji, yenye betri ya lithiamu inayotoka, na inayokubali pia betri tatu nyembamba. Betri hiyo ya lithiamu imeandikwa 18650, maana yake unene milimita 18 na urefu milimita 65. Jua likikosekana siku tatu wakati wa mvua, unaweka zile za dukani na kazi inaendelea. Sharti moja: usichomeke waya wa kuchaji wakati betri za dukani ziko ndani. Hazikutengenezwa kwa kuchajiwa, zinaweza kupasuka.

Hesabu, kwa mfano tu. Ninyi mtaweka bei za kwenu. Tuseme betri nyembamba moja ni franka 300, na unabadilisha tatu kila wiki. Ni 900 kwa wiki, 46 800 kwa mwaka. Kwa tochi hiyo hiyo, tuseme betri ya lithiamu ni franka 10 000 na kuchaji kwa mwenye paneli ni 300 kwa wiki. Kuchaji mwaka mzima ni 15 600, jumla 25 600. Umebakiza franka 21 200. Mwenye paneli yake nyumbani anabakiza zaidi.

Lakini hesabu hiyo inasimama kama betri ni ya kweli, na hapo soko limejaa uongo. Mtaona betri imeandikwa 9900 mAh. Betri ya ukubwa huo, hata ya kiwanda kizuri sana, haipiti sana 3500. Namba iliyozidi hapo ni rangi tu kwenye karatasi. Njia ya kuipima tunayo hapa hapa Ituri: mizani ndogo ya wanunuzi wa dhahabu. Betri nzima ya 18650 iko na uzito wa gramu 45 hivi. Ikionyesha 30 ama chini, ndani kuna kitu kidogo kilichofichwa. Rudisha. Maandishi ya boksi yanayosema mwanga ni maelfu na maelfu, hayo musiyasome hata kidogo.

Tunajua walinzi wa usiku watatupinga, wanataka mwanga wa mbali. Kwa mlinzi wa depo tunakubali. Kwa sisi wengine, mwanga unaofika mbali unaonekana pia toka mbali, na kila mmoja anajua tunaishi katika jimbo gani. Tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, utawala wa kijeshi ulipoanza Ituri, barieri zimekuwa sehemu ya safari. Ukikaribia, rudisha kichwa cha tochi na umulike chini, miguuni pako. Usimulike askari machoni.

Ombi letu kwa komite ni kwamba koperative isiache kila mtu anunue peke yake. Mchukue tochi mbili tatu kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa. Jioni moja, kichwa kikiwa kimerudishwa, mmulike gunia la mbegu na kusoma karatasi yake. Muiache inawaka saa nzima, kisha msome tena. Mzungushe kichwa: kikilegea na kuteleza chenyewe, kitakuwa hivyo siku zote, na maji ya mvua yatapita pale. Tochi hizi za kuvuta hazipendi maji, hata zikiandikwa zinazuia. Ile itakayoshinda, mnunue nyingi pamoja, na mjadiliane bei.

Kuhusu betri zilizokufa: msizitupe shambani wala karibu na chemchemi, na watoto wasiziponde kwa kutafuta ule unga mweusi. Wekeni ndoo yenye mfuniko pale depo, mbali na mbegu. Zile za lithiamu zifungwe kipande cha utepe wa plastiki kwenye ncha mbili kabla ya kuingia ndani, juu ya zikigusana na chuma zinaweza kuwaka moto.